Chumba cha Mtani

Niliajiriwa kufundisha ushonaji. Nalisema hilo mapema kwa sababu watu wa Tanga wa miaka ile ya hamsini walinijua kwa jina la bibi wa wazee, na wenye midomo walidai nimeolewa na baraza zote za Ngamiani. Nilikuwa mjane, bado kijana, nimesoma kiasi cha kuandika barua isiyotia aibu, na baba yangu mdogo aliniruhusu kufanya kazi katika ofisi ya ustawi kwa kuwa kazi yenyewe ilikuwa ya wanawake na ilifanyika ndani ya chumba chenye mlango. Haukupita muda cherehani moja ikaharibika, ya pili ikaazimwa na bibi mmoja wa Kizungu ashonee mapazia na haikurudi, nami nikabaki na mkasi na wanafunzi wanaopiga soga. Hapo bwana mkubwa wa ofisi, Mwingereza mrefu aliyependa kuongea huku akitazama nje ya dirisha, akaniambia kuna kazi nyingine ambayo makarani wake wanaume hawaitaki.

Kazi hiyo ilikuwa ya watu wanaolala nje. Mkonge ulipokuwa na bei nzuri mashamba yaliita vibarua kutoka kila pembe ya nchi. Bei iliposhuka, au mtu alipozeeka, au mkono wake ulipoliwa na mashine, aliambiwa aache chumba cha kambi. Wengi walirudi makwao. Waliobaki ni wale waliokaa pwani muda mrefu hata kwao wakasahauliwa. Walikuja mjini wakalala kwenye baraza za maduka ya Wahindi, sokoni, na karibu na stesheni ya treni, na kila baada ya muda askari walipita kuwakusanya. Amri ilikuwa wazi: mtu mzima asiye na kazi wala makazi arudishwe kwao, apende asipende. Mwenye chumba na watu wanaomjua aliachwa.

Basi nilitakiwa nimtafutie mtu chumba kabla askari hawajamfikia, na kisha, hili ndilo lililowashinda makarani, nimfuate humo chumbani kila wiki mpaka azoee. Ofisi ilisaidia kodi ya mwanzo. Kumwingiza mtu chumbani ni shughuli ya asubuhi moja tu. Shughuli yenyewe ni ya baadaye, pale mzee aliyezoea kambi anapomwaga maji machafu ukumbini, jirani anapiga kelele, mwenye nyumba anatishia kumtoa, nami najifunga buibui langu kwenda kusuluhisha. Nimesuluhisha ugomvi wa jiko, wa kamba ya kuanikia nguo, wa jogoo, na wa nani amemaliza maji ya mtungi. Nilikuwa na mdomo mkali na nilijua kuutumia.

Lililonitoa jasho mwanzoni halikuwa kodi. Nilizunguka nyumba kwa nyumba, kuanzia Ngamiani hadi Makorora, ambako siku hizo viwanja vilikuwa bado vinafunguliwa na kuta za udongo hazijakauka vizuri, na kila mwenye nyumba aliniuliza swali lile lile, tena kwa adabu: "Akifa, mwenye msiba nani?" Kwetu mtu akifia katika nyumba ya watu, msiba ni wa nyumba ile. Wao ndio watakaotafuta wa kumwosha, wao watakaotoa sanda, wao watakaokaa matanga na kupika, na wao ndio watakaosemwa mtaa mzima endapo jeneza litatoka na watu wachache. Nani atayataka hayo kwa ajili ya mgeni wa jana? Nilipomweleza bwana mkubwa, alidhani wenye nyumba wananizungusha ili kodi ipande.

Aliyenionyesha njia alikuwa somo yangu. Kwa asiyejua mambo yetu, somo ni mwanamke anayemfunda msichana anapovunja ungo, akasimama naye siku anapoolewa, na yapo mambo ambayo hata mama mzazi haambiwi ila yeye. Mimi alinifunda, alinipeleka kwa mume, na mume alipofariki alikaa nami eda yote. Nilipogoma kula, alininywesha uji kwa kijiko, huku ananitukana kwa mapenzi. Alikuwa Mzigua, mwanamke wa mwili, mwenye sauti ya kumsimamisha mtu upande wa pili wa barabara, na alikuwa na nyumba kubwa Makorora aliyoachiwa na marehemu mumewe. Hakuna mtu niliyempenda zaidi katika mji ule.

Nilikwenda kumlilia kuhusu mzee mmoja Mnyamwezi aliyekuwa analala kwenye baraza ya duka la vitambaa. Mashine ya kusaga mkonge ilikuwa imemkata vidole, kambini wamemtoa, na askari walikuwa wamekwisha kumwonya. Alikuwa amekaa pwani tangu ujana wake. Kwao Unyamwezi, alivyoniambia, aliowaacha hai wamekwisha kufa, na waliozaliwa baadaye hawamjui hata kwa hadithi. Nilikuwa nimenyimwa chumba kila mahali.

"Mnyamwezi?" somo aliuliza, akaacha kukuna nazi. "Huyo mtani wangu! Unahangaika nini siku zote hizo? Mlete."

Wazigua na Wanyamwezi wana utani tangu zamani za misafara. Mtani atakutukana mbele za watu, atakunyang'anya kuku wako, nawe huna ruhusa ya kukasirika. Lakini ukifia ugenini yeye ndiye atakayeshika jembe kukuchimbia kaburi, na ukikosa pa kulala hawezi kukufungia mlango. Somo alinieleza hayo akinicheka, mtoto wa Kidigo niliyekulia mjini nisijue mambo ya watu. Lile swali la mwenye msiba lilikuwa na jibu siku zote, nami sikujua pa kulitafuta.

Nilimpeleka mzee asubuhi ya siku iliyofuata, na mkeka wake chini ya kwapa. Somo alikuwa amesimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Mwari wangu, mbona umeniletea ufagio? Mimi nimeagiza mtu!"

Yule mzee, ambaye kwangu alikuwa akisema maneno machache tena akiangalia chini, aliinua kichwa. "Nami nimeambiwa naletwa kwenye nyumba. Naona zizi, na ng'ombe mwenyewe kasimama mlangoni."

Ua mzima uliangua kicheko. Somo alicheka mpaka akafuta macho kwa ncha ya kanga. Nilimtazama yule mzee akinyoosha mgongo, nikaona kumbe ni mrefu. Alipewa chumba cha nyuma, kinachotazama uani, ambacho hakuna mpangaji aliyekitaka kwa sababu kilikuwa na giza na ukuta wake mmoja umemeguka.

Tangu siku hiyo nilibadilisha utaratibu wangu. Sikumwombea mtu chumba tena kwa kusema ni maskini. Nilimuuliza kwanza kabila lake, kisha nikatafuta nyumba ya watani zake, nikaingia kwa kelele: haya, mtani wenu huyu hapa, anasema mnanuka. Wengine niliwapatia watani hadi Muheza, kwa wauza machungwa. Ofisini waliona maajabu. Bwana mkubwa aliwaambia wageni wake kwamba tumegundua hazina katika mila za wenyeji, hali aliyegundua alikuwa somo yangu na mbuzi yake ya kukunia nazi.

Yule Mnyamwezi alikuwa na mambo yake. Wiki za kwanza hakulala kitandani. Alilala sakafuni kando ya mlango, na mlango wazi, kwa kuwa kambini mtu akifunga mlango hudhaniwa ameiba au anaumwa. Mama mmoja mpangaji, mcha Mungu, alilalamika kuona miguu ya mwanamume kila anapokwenda kutawadha. Nilikaa na mzee, nikamwomba alale mlango ukiwa umerudishwa tu, bila komeo, kisha baadaye kwa komeo. Halafu kulikuwa na tembo la mnazi. Alikuwa amesilimu kambini, lakini uislamu wake na tembo walikuwa hawajakutana wakazungumza. Tulipatana kwamba atakunywa kilabuni, atarudi kwa mlango wa ua, atasukutua mdomo, na hataimba. Yote aliyashika isipokuwa hilo la kuimba.

Aliponyooka, alinyooka. Alipata mabaki ya nyuzi za mkonge akawa anasokota kamba za kutekea maji na za kusukia vitanda, akilitumia dole gumba na vile vidole vilivyosalia kwa namna ambayo sijui niieleze vipi. Miezi michache baadaye alikuwa analipa kodi mwenyewe. Chumba akakikandika upya, akakipaka chokaa, akainua sakafu kwa udongo wa kichuguu akaipigilia mpaka ikang'aa, kisha akamwomba somo ruhusa ya kutoboa dirisha, akalitia kipande cha mlango wa zamani. Likaingiza upepo wa bahari. Somo alikuwa akiwaita majirani waje kuona. "Mtani wangu analala pazuri kuliko mimi mwenye nyumba," alisema, na mimi nilifurahi kama chumba kile ni changu.

Utani wao ulikuwa burudani ya barabara nzima. Somo alimkamata kuku wake, akamtia kikapuni, akamlazimisha amkomboe kwa kamba mpya ya kisima. Mzee naye alichukua kanga ya somo kutoka kwenye kamba, akajifunga, akaenda nayo dukani kununua chumvi kwa sauti ya kike. Mimi niliyekuwa nimepangiwa kumtembelea kila wiki nilianza kwenda hata siku zisizo zangu. Katika watu wote niliowatafutia makazi, huyo ndiye niliyesema moyoni kwamba kazi yake imekwisha.

Asubuhi moja, mzee akiwa amekaa pale zaidi ya mwaka, nilisikia vilio kutoka kona ya barabara. Vilikuwa vinatoka nyumba ya somo. Nilikimbia, buibui mkononi, nikapita ukumbini nikijua kabisa ninachokwenda kukuta. Kitanda cha mzee kilikuwa katikati ya ua. Mwenyewe amelala juu yake chali, amefunikwa shuka jeupe, na somo anaongoza kilio: "Mtani wangu weee! Umekufa na deni langu la ugali! Nani atanichimbia choo?" Wanawake wanalia na kucheka kwa pamoja. Kisha nikaona shuka linatikisika, na mzee anajitahidi kuzuia kicheko.

Nilikaa kwenye kizingiti. Nilimtukana somo kwa kunitisha namna ile, jambo ambalo mwari hamfanyii somo yake, na yeye akanicheka zaidi. Walimzungusha "maiti" uani, wakamwimbia, wakamnyunyizia maji. Ilipokwisha, mzee aliinuka, akajipangusa, akashika njia ya chumbani kwake. Mlango ulikuwa na kitasa kipya, umefungwa kwa ndani. Kupitia dirishani, lile alilolitoboa yeye, nikaona kitanda cha mbao, sanduku la bati, na kijana mmoja aliyevaa suruali iliyonyooshwa kwa pasi anamwelekeza mkewe mahali pa kutundika kioo.

"Maiti anakwenda wapi?" somo alipiga ukelele. "Maiti hana chumba!"

Watu walicheka. Mzee akacheka pia, akauliza ajikomboe kwa kitu gani mara hii. Somo alisema, tutaona. Nilimvuta kando nikamuuliza wale ndani ni nani.

"Wapangaji," alisema. "Karani wa bandarini na mkewe. Usiingilie utani, mwari wangu, wewe huujui."

Nilimwamini. Nilidhani karani atahamishiwa chumba cha mbele jioni ile ile, mzee atatoa kamba mbili tatu, na kesho yatakuwa maneno ya kuchekea. Kwa nini nisimwamini? Kila nilichojua kuhusu nyumba na watu alinifundisha yeye.

Wiki iliyofuata kitanda kilikuwa bado uani, kimesogezwa chini ya upenu wa jiko, na mkeka, nyuzi na sufuria ya mzee viko chini yake. Vuli ilikuwa imeanza. Nilimuuliza kulikoni, akasema, "Bado tunacheza, binti." Alisema hivyo kwa sauti ya kusikika uani. Wapangaji wengine walicheka kidogo, wakageukia kazi zao. Yule mama mcha Mungu hakucheka. Alinitazama, kisha akaingia chumbani kwake akafunga mlango.

Nilimfuata somo sebuleni. Nilimbusu mkono kama kawaida, nikamwambia mchezo umetosha, mzee anaumwa kifua.

"Yule karani ametoa kodi ya miezi kadhaa mbele," alinijibu, "na mkewe ana mimba. Watu safi. Unataka nikawatoe?"

"Na mzee?"

"Mzee ni mtani wangu. Nimemtania. Amesema amechukia?"

"Hajasema."

"Basi. Akinuna, atakuwa amevunja utani yeye, si mimi."

Aliendelea kukunja nguo. Hapo ndipo nilipoelewa, na nilielewa kwa ghafla. Akilalamika, mzee atakuwa mtu aliyechukizwa na mtani wake, na mtu huyo hana tena haki kwa watani: hana wa kumpokea, hana wa kumzika. Asipolalamika, atalala uani mpaka mvua immalize. Somo alikuwa ameyafikiria yote hayo kabla hajatoa kilio cha kwanza. Kilio chenyewe kilikuwa cha kuwapa watu la kucheka wakati karani anaingiza sanduku lake.

"Somo," nilisema, "ni wewe uliyeniambia mtani hafungiwi mlango."

"Mlango wa ua uko wazi," alisema.

Sijawahi kupigwa na mtu nikaumia kama nilivyoumia kwa maneno yale. Angesema ana shida, ningeelewa. Angesema anataka kodi nono, ningemkasirikia kisha tungepatana, maana nani asiyetaka kodi nono? Lakini alichukua kile kile alichonipa nikakitegemea, nikakipeleka kwa watu nyumba kwa nyumba nikikiapia, akakitumia kumtoa mtu nje huku sisi sote tunapiga makofi. Na alinitazama machoni wakati anasema, kwa macho yale yale yaliyokaa nami eda.

Nilikwenda kwa wazee wa mtaa. Walikuwa wamekaa barazani wanakunywa kahawa, na nilipomaliza kueleza walicheka, si kwa ubaya, bali kama watu wanaosikia utani mzuri kwa mara ya pili. "Mambo ya utani hayaletwi kwetu, binti," mmoja alisema. "Tukiingia sisi, tutakuwa tumewagombanisha." Nikaenda ofisini. Bwana mkubwa alitazama nje ya dirisha lake na kusema ofisi haiwezi kuingilia mila za wenyeji. Zile zile alizowasifia wageni! Kisha akaniuliza kama mtu huyo ana chumba au hana. Nikasema ana kitanda uani. Akasema basi hana chumba. Nilitoka nikaubamiza mlango, na makarani wanaume wakainua vichwa kunitazama.

Nilianza kumtafutia mzee chumba kingine kimya kimya. Kabla sijapata, alimaliza mambo mwenyewe.

Ilikuwa baada ya mvua ya mchana. Kamba za kitanda zilikuwa zimelowa, na mzee amekaa ukingoni mwake, ameshika nyuzi asizozisokota. Mimi nilikuwa nimesimama mlango wa ukumbini. Somo alitoka chooni na kopo lake, akaona watu wapo, akafanya sauti yake ya siku zote: "Jamani, maiti wangu leo kaoga!"

Mzee alisimama. Alivua kofia yake akaishika kifuani.

"Shikamoo, mama," alisema.

Kinu kilikuwa kinatwangwa pembeni, kikanyamaza. Hakuna aliyewahi kumsikia Mnyamwezi akimpa mtani wake wa Kizigua heshima kama anayopewa mke wa mkubwa asiyemjua, tena mtu mwenye mvi nyingi kuliko huyo anayemwamkia. Somo alifungua mdomo. Neno la kurudisha lilikuwa moja tu, na mtoto yeyote analijua, lakini halikumtoka. Mzee akasema, "Ahsanteni kwa kukaa nami," akakunja mkeka, akachukua sufuria na nyuzi zake, akapita ukumbini kando yangu na kutokea mlango wa mbele. Kitanda alikiacha.

Somo alinigeukia mimi. Alitaka nicheke, au niseme lolote la kupoza. Sikumhurumia. Niliondoka bila kumbusu mkono. Alinitumia watu mara nyingi baadaye, mara anaumwa, mara kuna harusi, mara amepika. Sikwenda. Watu walinilaumu wakasema nimemtupa aliyenifunda, na sikujisumbua kueleza.

Habari ilimtangulia mzee kila nilikompeleka. Kwenye nyumba za Wazigua, na hata za watani wengine wa Wanyamwezi, waliniuliza kwa wasiwasi, "Si ndiye yule aliyenuna?" Nilieleza mpaka koo likakauka. Waliitikia, wakaniambia wanaelewa, kisha wakasema chumba kimekwisha kupata mtu. Alirudi kwenye baraza ya duka la vitambaa. Nilikuwa njiani kwenda kuona chumba kingine askari walipopita.

Waliniruhusu kumuaga kwa sababu nilikuwa mtu wa ofisi. Treni ilikuwa ya asubuhi, ya kwenda hadi Korogwe. Huko wangepandishwa basi la Morogoro, kisha treni nyingine hadi Unyamwezi, kwa watu ambao hakuna hata mmoja wao ambaye angetambua uso wake. Alikuwa amekaa dirishani, safi, amenyolewa. Nilimpa mkate na machungwa. Sikuweza kujizuia, nikamuuliza kama siku ile ya kilio alijua.

"Nilijua," alisema. "Ukitoa kitanda cha mtani kwa utani, unakitupa. Yeye alikitoa taratibu, kimeshikwa mbele na nyuma, kisikwaruze chokaa."

"Sasa kwa nini ulilala juu yake ukacheka?"

"Nimwachie nafasi ya kurudi. Wakati watu bado wanacheka, anaweza kusema, haya yamekwisha, rudisheni kitanda. Nilimngoja aseme hivyo." Alilitazama chungwa mkononi. "Nilimngoja sana."

Nililia, pale stesheni, mbele za askari. Yeye hakulia. Alinisubiri nimalize, kisha akaniuliza jambo ambalo hakuwahi kuniuliza muda wote ule.

"Binti, wewe kabila gani?"

"Mdigo. Mama yangu ni wa Moa."

Alifikiri. "Wadigo na sisi tuna utani?"

"Sijapata kusikia."

"Hata mimi." Akatikisa kichwa polepole, kama mtu aliyepata jibu. "Yule alikuwa na lazima kwangu. Wewe hukuwa na lazima yoyote, na ulikuja kila wiki, mvua na jua. Huko kwetu wakiniuliza pwani nilikuwa na nani, nitakutaja wewe."

Kengele ikapigwa. Nilikuwa nimepokea mshahara asubuhi ile ile, umo ndani ya kibeti changu, na nilifungua mdomo nimweleze kwamba kila wiki niliyokuja nililipwa. Treni ikaanza kuvuta. Alikuwa ananipungia mkono dirishani, anatabasamu, nikanyamaza.